Majoki Wetu wa Jumamosi

Joki wangu wa kwanza nilimpenda kwa sababu ya jezi. Jezi ya njano yenye mikono ya kijani, kofia ya njano, na ndani yake mtu mdogo aliyelala juu ya shingo ya farasi akashinda mbio za pili kwa pua tu. Nikaruka. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nne, mama wa kanisa, nikaruka na kupiga vigelegele. Mbio za nne nikamwona tena wa njano na kijani, nikamshangilia, akawa wa mwisho. Mbio za saba huyo tena. Nikamwambia Mzee, "Huyu mtu wangu jamani, kwani hachoki?" Mzee akacheka mpaka ikabidi nimpanguse machozi. Akanieleza kwamba jezi ni ya mwenye farasi. Joki huvaa rangi za tajiri aliyempa farasi wa kupanda, na kwa siku moja anaweza kubadilisha mara saba. Kumbe nilikuwa nimewashangilia watu watatu, na mmoja wao alikuwa msichana.

"Angalia mgongo, dada," Mzee aliniambia. "Kila joki ana mgongo wake."

Mzee huyo nilikuwa namtunza. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Virginia, kutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia, kuwasikiliza. Kampuni inayoniajiri inawaita wateja. Mimi nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, naye hakukataa, kwa sababu Kiswahili alikijua. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na alikuwa amejifunza Kiswahili ujanani, katika masomo ya jioni, enzi zile yeye na rafiki zake walikuwa wakivaa kanzu za vitenge na kuwapa watoto majina ya kwetu. Afrika yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Lakini Kiswahili chake, woi, kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi ni mtu wa Molo, Kiswahili changu nilikiokota sokoni na shuleni. Asubuhi ya kwanza nilipoingia kwake Annandale nikasema, "Sasa, Mzee?" Akanitazama juu ya miwani. "Mimi ni mtu mzima," akasema. "Mtu mzima huamkiwa shikamoo." Nikamwambia kwetu bara hatuna hayo mambo, na kama anataka shikamoo atafute mtu wa Tanga. Tulianza hivyo, kwa kugombana, na nadhani ndiyo maana tulipatana.

Miguu yake ilikuwa imekufa, akitembea kwa kiti cha magurudumu. Kichwa kilikuwa kizima. Na kila Jumamosi, mvua isiponyesha sana, alitaka kupelekwa kwenye uwanja wa mbio za farasi upande wa Maryland. Yeye na mkewe walikuwa wamekwenda huko Jumamosi zote za ndoa yao, na mke alipofariki, Mzee akakwama nyumbani miaka miwili kwa sababu hakuna aliyetaka kuendesha gari umbali ule kwa ajili ya farasi. Bintiye anakaa mbali, North Carolina. Nilimpigia simu, akasema sawa, bora Baba afunikwe vizuri. Basi nikawa dereva wa Jumamosi. Kubeti hatukubeti, hata senti. Tulikwenda kuwaona majoki.

Wazee wengine huhesabu maisha yao kwa marais. Huyu alihesabu kwa majoki. Ukimuuliza mambo ya mwaka alioanza kufundisha, kwanza alikuwa anakuambia mwaka huo alikuwa akimpenda joki gani. Wa kwanza alikuwa mwembamba mmoja kutoka kusini, aliyekuwa hainui mjeledi. Farasi wake walikimbia kwa kubembelezwa. Mzee alikuwa bado anamchumbia mkewe wakati huo, na anasema alijifunza kuchumbia kwa kumtazama yule mtu. Nikamwambia, "Kwa hiyo mama wa watu ulimfanya farasi?" Akaniambia ninyamaze nisukume kiti.

Wa pili ndiye aliyeleta vita nyumbani. Mkewe alimpenda joki mmoja mcheshi aliyekuwa akiwarushia watu busu akishinda. Mzee hakuweza kumvumilia, alimwita mwizi, alisema anawabana wenzake kwenye kona. Wakanuniana Jumamosi nyingi kwa ajili ya mtu ambaye hata hawajuani naye. Halafu siku moja yule mcheshi akaanguka, farasi wawili wakampitia juu, uti wa mgongo ukavunjika, hakupanda tena. Mzee akanunua kadi ya kumtakia afya, akaituma kisirisiri asionekane na mkewe. Miaka baadaye ndipo akajua kwamba mke naye alituma yake, kisirisiri, asionekane na mume. Hiyo hadithi alinisimulia labda mara thelathini na kila mara aliimaliza akitazama dirishani.

Kisha kulikuwa na mwanamke mmoja, wa kwanza kumwona akipanda, aliyezomewa siku ya kwanza na kushangiliwa mwaka wa tatu. Na kabla ya hao wote kulikuwa na wale wa babu yake. Babu alimweleza kwamba zamani, zamani kabisa, majoki wakubwa wa nchi hii walikuwa watu weusi, wakashinda mpaka wenye mali wakachukia, wakawafukuza mmoja mmoja. Mzee hakuwahi kuwaona. Lakini aliwapenda, alikuwa anawataja kama mtu anavyowataja wajomba zake.

Wa mwisho alikuwa Mpanama. Huyo ni wetu sote wawili, mimi na Mzee. Alikuja kutoka Panama akiwa kijana, na nilipoanza kumwona alikuwa amefika hamsini, nywele za kando zimeota mvi, mgongo umejikunja kidogo upande wa kushoto. Ukishaujua ule mgongo hukosei, avae njano avae nyekundu. Hakuwa wa kushinda sana tena. Walikuwa wanampa farasi wazee na farasi wakorofi. Sisi tulisimama mahali pamoja kila Jumamosi, kwenye uzio, pale farasi wanapopita kutoka uwanja mdogo wa kuwazungushia kwenda kwenye njia ya mbio. Hapo joki anakuwa karibu nawe mpaka unasikia harufu ya ngozi ya tandiko. Mpanama akifika mbele ya kiti cha Mzee, anagusa kofia kwa vidole viwili. Mzee anainua mkono wake unaotetemeka. Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, miaka minne.

Mzee alifariki mwezi wa tatu, siku ambayo si zamu yangu. Alizidiwa jioni, akakimbizwa hospitali, na asubuhi nikapata ujumbe kwenye simu kutoka kwa binti: Baba ametutoka, ahsante kwa yote uliyofanya, tafadhali acha ufunguo kwenye sanduku la barua. Sikumlaumu. Mtu aliyefiwa ana mambo mengi. Walimpeleka North Carolina kuzikwa kando ya mkewe, na mimi sikujua siku wala kanisa, na kampuni inakataza kuwasiliana na familia baada ya mteja kuondoka. Jumatatu nikapangiwa mama mmoja huko Fairfax anayetazama vipindi vya mapishi kutwa na hapendi kuongeleshwa.

Sasa nisikilize. Kwetu mtu akifa, watu wanakuja. Hata kama huwapendi, wanakuja, wanakaa, wanakunywa chai yako, wanaimba kwa sauti mbovu, na kila anayeingia anakushika mkono anasema pole. Unachoka na pole. Unaweza kusikia pole mia mbili kwa siku moja. Mimi sikupata hata moja. Nani angenipa? Kanisani nilimwambia dada mmoja, naye ni nesi, akasema, "Wagonjwa hufa, mama, ndiyo kazi yetu," akaendelea kupanga viti. Na siwezi kuwaeleza mambo ya Jumamosi, kwa sababu ukitaja mbio za farasi kwa hao watu watakuwekea mikono kichwani wakemee pepo wa kamari. Nilimpigia mwanangu, yuko Dallas. Kiswahili anakisikia vizuri sana lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisema, "Sorry, Mom," halafu akaniuliza kama kampuni imenipa mtu mwingine. Ametoka kwangu huyo, nikimjibu nitasema mabaya. Nikamwambia nachemsha kitu jikoni.

Nilitaka mtu mmoja tu aliyemjua Mzee na aliyeniona nikiwa naye. Mtu wa kumwambia amekufa, halafu huyo mtu aseme pole. Nilikaa kwenye chumba changu Manassas, cha chini ya nyumba ya watu, nikawatafuta kichwani. Majirani wa Annandale walikuwa wakifunga milango. Daktari alikuwa anatazama kompyuta. Hakubaki mtu ila Mpanama.

Basi nikaenda, Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, peke yangu. Nilisimama palepale kwenye uzio, nikaacha nafasi ya kiti kushoto kwangu bila kukusudia. Farasi wakatoka. Mpanama alikuwa wa tano, amevaa bluu. Akafika mbele yetu, vidole viwili vikaanza kupanda kwenda kwenye kofia, macho yakaenda mahali pa kiti, na vidole vikasimama hewani. Kisha farasi akampeleka. Alifika wa sita. Mimi nilibaki pale nimeshika chuma cha uzio kwa mikono miwili mpaka mtu akaniuliza kama niko sawa.

Aliona! Hilo ndilo lililonitia wazimu. Aliona kwamba Mzee hayupo, na hajui ni kwa nini. Nikaapa lazima nimwambie.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Mimi nimelelewa kwamba huendi kwa mtu mikono mitupu, hasa ukienda na habari nzito. Jumamosi iliyofuata niliamka alfajiri nikakanda unga, nikapika maandazi ya iliki, makubwa, yaliyofura vizuri, nikayapanga kwenye kopo la plastiki na kitambaa juu. Nilijua mlango wanaotokea majoki kutoka chumba chao cha kubadilishia nguo. Nikasimama hapo. Mpanama alipotoka nikamkatia njia, nikafungua kopo, na harufu ikatoka yote. Nilikuwa nimeitayarisha sentensi yangu ya Kiingereza, lakini kwanza nikasukuma kopo mbele, kama unavyofanya nyumbani. Yule mtu akatazama maandazi. Haki ya Mungu, sijawahi kuona mtu akitazama chakula namna ile. Akameza mate, nikaona koo likipanda na kushuka. Akajipiga tumboni, akatikisa kichwa, akasema "thank you, thank you," akanipita akikaribia kukimbia.

Askari wa mlangoni, mwanamke mnene mwenye huruma, akanieleza. Huyo mtu hajala tangu jana mchana. Asubuhi nzima alikuwa kwenye chumba cha mvuke akitoa jasho, kwa sababu akizidi uzito kidogo tu wanampa farasi mtu mwingine, na kwa umri wake hawamrudishii. "Mama, unamtesa," akaniambia. Na mimi nilijua! Mzee alikuwa amenieleza yote hayo, mizani, njaa, mvuke, na nikasahau kwa sababu kichwani mwangu chakula ni chakula. Nikatamani ardhi ipasuke. Nilirudi kwenye gari, nikakaa kwenye maegesho, nikala maandazi sita kwa hasira, moja baada ya jingine, bila chai. Na habari yangu bado nilikuwa nayo.

Baada ya hapo nikawa na aibu. Niliendelea kwenda, lakini nilisimama nyuma kidogo ya watu, asinione akakumbuka yule kichaa wa maandazi. Majira ya joto yakapita hivyo. Nilimtazama mgongo wake tu. Nilijaribu kupenda majoki wengine. Kulikuwa na binti mmoja mdogo mwenye kifua kama cha jogoo, anashinda kila wiki, watu wanamwimbia. Mzuri sana. Lakini nikimtazama nilikuwa namwambia Mzee mambo yake kichwani, na Mzee hajibu, basi raha inakatika. Wiki nyingine nilimaliza Jumamosi yote bila kusema neno, isipokuwa kumwambia mtu wa geti ahsante.

Mwezi wa kumi wakatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Mpanama anastaafu. Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho, anarudi kwao. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Akishaondoka huyu, nikajiambia, hakuna mtu katika nchi hii atakayejua kwamba mimi na Mzee tulikuwepo. Aibu au si aibu, lazima niseme.

Jumamosi hiyo ya mwisho nilivaa nguo nyeusi. Hakuna aliyejua kwa nini, ilikuwa ya kumwombolezea Mzee, sikuwa nimeivaa popote. Mpanama alipanda mara moja tu, farasi mwekundu mzee kama yeye, na wakafika wa nne, uwanja wote umesimama. Kisha wakamwekea meza ndogo kando ya uzio, asaini picha. Foleni ikawa ndefu. Nikasimama ndani yake karibu saa nzima, nikisikia kila mtu mbele yangu akimpa hadithi yake: mmoja alikuja na marehemu kaka yake, mwingine alimwona akianguka mwaka fulani, mwingine alimpa mwanawe jina la Mpanama. Nikaanza kuchukia. Nilikuwa nimefikiri niko peke yangu na yule mtu, kumbe kila mmoja ana wake, na kila mmoja anapewa tabasamu lilelile, saini, asante, anayefuata. Nilikaribia kuondoka. Nilisema moyoni, huyu hawezi kukujua, mama, wewe ni mmoja wa elfu, nenda nyumbani ukapike ugali.

Foleni ikasogea, nikajikuta mbele ya meza.

Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, mabega yake kama ya mvulana, na uso ulikuwa na mikunjo mingi ya jua. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Aliinua macho, na kabla sijafungua kinywa changu na ile sentensi niliyoitayarisha tangu mwezi wa tatu, akaiweka kalamu chini.

"Yuko wapi baba yako?" akaniuliza. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Sentensi ikapotea. Nikasema tu, "Alikufa. Mwezi wa tatu."

Akasimama. Watu nyuma yangu walikuwa wakinong'ona, mtu wa uwanja akamgusa bega amkumbushe foleni, hakugeuka. Akanishika mikono yote miwili juu ya meza, viganja vyake vikavu, vigumu, na akasema anasikitika, anasikitika sana, pole kwa baba yako. Akasema kila mara alipokuwa akipita hapo alikuwa anatutafuta. Akasema nilikuwa nikimfunika blanketi huku macho yangu yako kwenye farasi, na Mzee hakuwa akiwatazama farasi. Alikuwa akinitazama mimi, kuona kama nimeona. "Baba mzuri," akasema. "Una bahati."

Ningeweza kumsahihisha. Nilikuwa na neno tayari, mtunzaji tu, mfanyakazi, nimelisema mara ngapi kwa manesi na madaktari na watu wa mapokezi wanaponiuliza mimi ni nani wake. Foleni yote ilikuwa ikinisubiri. Nikasema ndiyo, alikuwa baba yangu, na nikalia.